Sauti ya mzee isiporudi: kupooza kwa uzi wa sauti na matibabu yake

Mzee akianza kuongea kwa sauti ya mkwaruzo, inayotoka na pumzi nyingi na kukatika katikati ya sentensi, familia nyingi za Moshi na Arusha huwa na maelezo tayari: ni baridi ya mwezi wa saba, ni vumbi la barabarani, au ni uzee tu. Atapewa tangawizi na asali, kisha vidonge vya kuua bakteria kutoka duka la dawa, na miezi mitatu itapita hivyo hivyo. Mara nyingi maelezo hayo huwa sahihi, kwa sababu mafua na kikohozi hukausha sauti ya mtu yeyote kwa wiki moja au mbili. Lakini sauti ambayo haijarudi baada ya wiki nne inahitaji kuangaliwa na daktari mwenye kamera ya koo, na miongoni mwa mambo yanayoonekana kwa kamera hiyo ni uzi wa sauti uliopooza. Makala haya yanahusu tatizo hilo kwa watu wa miaka 60 na zaidi. Jambo ninalotaka lieleweke tangu mwanzo ni kwamba umri mkubwa si sababu ya kuliacha tatizo hili kama lilivyo. Ni sababu ya kulishughulikia mapema kuliko ambavyo lingeshughulikiwa kwa kijana.

Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ya misuli iliyofunikwa kwa utando laini, nayo imelala ndani ya kongomeo, lile gegedu linalopanda na kushuka mbele ya shingo mtu anapomeza. Tunapovuta pumzi nyuzi hizo hufunguka na kuacha njia; tunapoongea husogea na kukutana katikati, hewa ya mapafu ikapita kwa msukumo na kuzitikisa, na mtikisiko huo ndio sauti. Hiyo ndiyo kazi yake inayojulikana, lakini kwa uhai wa mtu siyo ya kwanza kwa umuhimu. Nyuzi hizo hizo hufunga njia ya hewa kila tunapomeza, ili chai na chakula viende kwenye umio visiingie mapafuni, na hujifunga kwa nguvu kabla ya kikohozi ili hewa ijikusanye na kutoka kwa kishindo. Uzi mmoja ukipooza hubaki umesimama pembeni, na ule mzima unapokuja kukutana nao haukuti kitu. Ni kama geti la mabawa mawili ambalo bawa moja limekwama wazi. Hewa hupotelea kwenye ufa huo. Mgonjwa husema maneno matatu manne, pumzi ikaisha. Akinywa maji hupaliwa, na akikohoa, kikohozi hutoka hafifu kisichoweza kupandisha makohozi.

Amri ya kuzisogeza nyuzi hutoka kwenye ubongo kupitia neva ya vagasi, na safari yake ni ndefu kuliko inavyotarajiwa. Badala ya kuingia kwenye kongomeo moja kwa moja, tawi la upande wa kushoto hushuka hadi kifuani, huzunguka chini ya tao la aota, yaani mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni, kisha hupanda tena shingoni likipita kati ya bomba la hewa na umio. Tawi la kulia huzungukia juu zaidi, chini ya mshipa wa damu unaoelekea mkononi, hivyo urefu wake ni karibu nusu ya lile la kushoto. Kwa sababu hiyo uzi wa kushoto hupooza mara nyingi zaidi kuliko wa kulia, na kwa sababu hiyo pia daktari makini hutazama kifua cha mgonjwa ambaye amekuja akilalamikia koo.

Chanzo kinachojulikana zaidi ni upasuaji. Tezi ya thairoidi, ile inayovimba na kuwa goita, imelala juu kabisa ya njia ya neva hii, na katika kuiondoa neva inaweza kuvutwa, kupondeka au kukatwa, hata mikononi mwa mpasuaji mzuri. Upasuaji wa kifua, wa moyo na wa uti wa mgongo shingoni una hatari kama hiyo. Mpira wa kupumulia unaowekwa kooni mgonjwa anapopewa nusu kaputi nao unaweza kuibana neva. Kiharusi kinachogusa shina la ubongo huipiga neva kwenye chimbuko lake, na hapo shida ya kumeza huwa kubwa kuliko shida ya sauti. Moyo uliotanuka kwa sababu ya vali mbovu unaweza kuibana neva ya kushoto dhidi ya aota. Daktari Norbert Ortner wa Vienna alilieleza jambo hilo mwaka 1897, na bado linawakuta wagonjwa hadi leo. Wapo pia ambao vipimo vyote hufanyika na chanzo hakionekani.

Saratani nayo haipaswi kuachwa bila kutajwa. Uvimbe wa pafu la kushoto, wa tezi ya thairoidi au wa umio unaweza kuibana au kuila neva, na sauti ikapotea kabla mgonjwa hajahisi maumivu yoyote. Saratani ya umio inaonekana kwa wingi kando ya ukanda mzima wa Afrika Mashariki, na Kilimanjaro imo ndani ya ukanda huo. Mzee ambaye sauti yake imebadilika, nyama na ugali vimeanza kumkwama kifuani, na nguo zake zimeanza kumpwaya, hana muda wa kujaribu asali kwanza. Kifua kikuu kinaweza pia kuvimbisha tezi za kifuani zikaibana neva, kwa hiyo kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kipimwe makohozi hata kama familia ina hakika kwamba ni koo tu.

Umri unaongeza nini juu ya haya yote? Misuli ya nyuzi za sauti hupungua kama misuli mingine ya mwili inavyopungua uzeeni, nyuzi huwa nyembamba na hupinda kidogo katikati, hivyo hata mzee asiye na ugonjwa wowote huwa na mwanya mdogo sauti inapotoka. Mapafu yake husukuma hewa kwa nguvu ndogo, na hisia za kooni hupungua, kiasi kwamba anaweza kupaliwa bila kukohoa na familia isitambue. Kijana aliyepooza uzi mmoja mara nyingi hufidia, kwa maana kwamba uzi mzima huvuka katikati na kuufuata ule uliolala, na baada ya miezi kadhaa sauti yake hutosha kwa mazungumzo. Mzee hana akiba hiyo. Ufa wa kupooza unakutana na ufa wa uzee, na matokeo yake hayaishii kwenye sauti: vitone vya chai na mate vinavyoteremka mapafuni siku baada ya siku huleta nimonia, na nimonia kwa mtu wa miaka 78 ni ugonjwa unaoua. Ndiyo maana nasema kwamba anayeiita hali hii shida ya kuongea amelipunguza tatizo hadi sehemu yake ndogo.

Uchunguzi wenyewe haupaswi kumtisha mtu. Katika zahanati au hospitali ya wilaya, mhudumu anaweza kumwomba mgonjwa avute pumzi na kusema “aaa” mfululizo mpaka pumzi iishe, huku akitazama saa. Mtu mzima mwenye afya hufika sekunde 15 au zaidi. Mwenye uzi uliopooza mara nyingi hafiki 6. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na kikiambatana na historia ya kupaliwa kinatosha kuandika rufaa. Kwa wakazi wa Moshi, rufaa hiyo kwa kawaida hupitia hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na kwa wa Arusha hupitia Mount Meru, kuelekea KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, yenye idara ya masikio, pua na koo. Huko mgonjwa hukaa kwenye kiti, hupuliziwa dawa ya ganzi puani, kisha mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa taratibu hadi juu ya kongomeo. Anaombwa avute pumzi, aseme “iii”, akohoe. Kwenye kioo cha kamera huonekana uzi mmoja ukifunguka na kufunga, na mwingine umetulia. Mtu wa kwanza kuandika kwa uangalifu juu ya kuziona nyuzi zikifanya kazi hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa uimbaji, Manuel García, ambaye mwaka 1854 alitumia vioo viwili na mwanga wa jua kulitazama koo lake mwenyewe.

Kamera ikishaonyesha uzi umepooza, na hakuna upasuaji wa karibuni unaoeleza sababu, kipimo cha CT hufanywa kuanzia chini ya fuvu hadi kifuani ili kuifuata neva njia yake yote. Ninawasihi ndugu wa mgonjwa wasikiruke kipimo hiki kwa sababu ya gharama halafu wakaenda kutafuta dawa ya sauti. Uzi ulioacha kusogea ni dalili ya jambo lililotokea mahali fulani kwenye njia ya neva, na matibabu yote yanayofuata hutegemea jambo hilo ni nini.

Sasa tuje kwenye swali gumu zaidi, ambalo ndilo linalogawa maamuzi ya madaktari wenyewe: kusubiri au kutokusubiri. Neva iliyopondeka lakini haikukatwa inaweza kupona. Nyuzinyuzi zake huota upya kwa kasi ya takriban milimita 1 kwa siku, na kwa kuwa njia ni ndefu, desturi imekuwa kumpa mgonjwa miezi 6 hadi 12 kabla ya upasuaji wa kudumu, kwa sababu si busara kuurekebisha moja kwa moja uzi ambao ungeamka wenyewe. Desturi hiyo ina mantiki. Kosa lipo pale kusubiri neva kunapogeuzwa kuwa kusubiri matibabu yote. Fikiria mama wa miaka 74 anayeuza ndizi sokoni Mbuyuni, aliyeondolewa goita mwezi wa pili na kuambiwa arudi kuangaliwa mwakani. Katika mwaka huo wateja hawatamsikia, ibada ataisikiliza bila kuimba, simu ya mwanawe aliyeko Dar es Salaam ataikata kwa kuwa anachoka kurudia maneno, na kila kikombe cha chai kitakuwa na hatari yake. Mwaka mmoja ni sehemu kubwa ya muda aliobakiwa nao, na sehemu yake kubwa zaidi ni muda ambao bado ana nguvu.

Kwa mgonjwa kama huyo ipo njia ya kati, nayo ni sindano ya kuujaza uzi uliolala. Daktari huingiza ndani ya uzi huo kitu cha kuunenepesha na kuusogeza kuelekea katikati, ili ule mzima ukija uukute. Wazo ni la zamani: mwaka 1911 Mjerumani Wilhelm Brünings alitumia nta ya parafini, ambayo ilileta madhara, na katika miaka ya 1960 Teflon ilienea kabla haijagundulika kwamba huota vinundu vigumu kooni miaka kadhaa baadaye. Vitu vinavyotumika leo ni vya aina nyingine. Jeli ya kaboksimethili selulosi hudumu kwa mwezi mmoja hadi mitatu, asidi ya hayaluroni kwa miezi kadhaa, na chembechembe za madini ya kalsiamu kwa takriban mwaka mmoja au zaidi. Mafuta ya mgonjwa mwenyewe yaliyotolewa tumboni yanaweza kutumika pia, ila kiasi gani kitanyonywa na mwili na kiasi gani kitabaki hakitabiriki. Kinachofaa wakati wa kusubiri neva ni kile kinachoisha chenyewe: ikiwa neva itaamka, hakuna kilichoharibika, isipoamka, mgonjwa ameishi miezi hiyo akisikika.

Faida kubwa ya sindano kwa mzee ni kwamba inaweza kufanyika akiwa macho, ameketi, kwa ganzi tu. Mtu mwenye shinikizo la damu, kisukari na moyo uliochoka, ambaye daktari wa usingizi angemkataa au angemwekea masharti mengi, hapa haendi usingizini kabisa. Kamera hupita puani kama siku ya uchunguzi, na sindano nyembamba hupita mbele ya shingo, kwenye uwazi mdogo kati ya magegedu, au hupitishwa mdomoni. Daktari hutazama kioo, hujaza kidogo, husimama, na kumwomba mgonjwa ahesabu moja hadi kumi. Sauti hubadilika pale pale: mtu aliyeingia akinong’ona huweza kufika kumi kwa pumzi moja kabla hajashuka kwenye kiti. Kwa kuwa sehemu ya jeli ni maji yatakayonyonywa, daktari hujaza kupita kiasi kidogo, kwa hiyo siku za mwanzo sauti huwa imebana na nzito. Familia iambiwe hivyo mapema isije ikadhani mambo yameharibika. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu amwambie daktari kabla, wala asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu mara nyingi sindano hii haihitaji kuzisimamisha, na kuziacha ovyo kunaweza kuleta kiharusi.

Muda ukipita na uzi usiamke, kinachofuata ni upasuaji wa kuusogeza uzi moja kwa moja, uliopewa sura yake ya sasa na Nobuhiko Isshiki wa Japani mwaka 1974. Mpasuaji huchana ngozi ya shingo kidogo, hutoboa dirisha dogo kwenye gegedu la kongomeo, na kuweka kipande cha silikoni au utepe wa Gore-Tex unaousukuma uzi hadi katikati. Upasuaji huu pia hupendelewa ufanyike kwa ganzi na dawa kidogo ya kutuliza, ili mgonjwa aongee mezani na kipande kipimwe kwa sauti yake. Kwa wazee kuna jambo la pekee: gegedu la kongomeo hugeuka kuwa mfupa kadiri miaka inavyokwenda, hivyo dirisha ambalo kwa kijana hukatwa kwa kisu, kwa mzee huhitaji mashine ya kutoboa mfupa. Koo linaweza kuvimba usiku wa kwanza, na ni vizuri mgonjwa alale wodini akiangaliwa pumzi yake.

Ipo pia njia ya kuiunganisha neva nyingine ya shingoni ili iulishe uzi uliopooza usizidi kukonda. Ni njia nzuri kwa vijana. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2011, ambao wagonjwa wake hawakuwa wengi, ulionyesha kwamba waliokuwa chini ya miaka 52 walinufaika zaidi na kuunganishwa neva, na waliozidi umri huo walinufaika zaidi na kusogezwa uzi. Neva za mzee huota polepole, na matokeo yake huchukua miezi mingi kuonekana. Kwa hiyo kwake sindano na kipande ndizo njia za kufikiria kwanza.

Na mgonjwa ambaye uzi wake umepooza kwa sababu ya saratani isiyoponyeka? Hapa huwa nasikia watu wakisema kwamba sauti si kipaumbele tena. Sikubaliani nao hata kidogo. Mzee aliyebakiwa na miezi michache ndiye anayehitaji kusikika kuliko mtu yeyote: kuna kihamba, yaani shamba la ukoo, kinachopaswa kugawiwa, kuna madeni ya kutaja, kuna watoto waliogombana ambao yeye ndiye aliyekuwa akiwapatanisha. Sindano moja ya dakika chache inaweza kumrudishia sauti ya kuyasema hayo, na pamoja nayo kikohozi chenye nguvu ya kusafisha kifua na uwezo wa kunywa bila kupaliwa kila mara. Haiongezi siku za saratani, na haikusudiwi hivyo. Madaktari wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyeweza kupona, waulizwe juu yake waziwazi, kwa sababu isipotajwa na familia mara nyingi hupitwa.

Mengi pia yanawezekana nyumbani. Mgonjwa aketi wima anapokula na abaki wima nusu saa baadaye. Akiinamisha kidevu kuelekea kifuani, au akigeuza kichwa kuelekea upande uliopooza anapomeza, chakula hupita upande wenye nguvu. Mtaalamu amwonyeshe kwanza ipi inamfaa. Vinywaji vyepesi kama maji na chai ya rangi ndivyo vinavyopalia zaidi, kwa kuwa hukimbia kabla koo halijajifunga. Mtori uliopondwa ukawa laini bila vipande vya nyama, au uji mzito, huteremka polepole na kwa usalama zaidi, na kwa bahati njema ni chakula ambacho wazee wa Kilimanjaro wamekizoea. Maji yasikatazwe kabisa. Anywe kwa mafundo madogo, kichwa kikiwa kimeinama. Mdomo na meno bandia visafishwe kila siku, maana vijidudu vya mdomoni ndivyo vinavyoteremka na mate hadi mapafuni. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, lakini mazoezi yao ya msingi, kama kupuliza sauti ndefu kupitia mrija uliozamishwa kwenye glasi ya maji, yanaweza kufundishwa siku moja na kuendelezwa nyumbani. Kulazimisha sauti kwa kupiga kelele hakusaidii, na kunong’ona siku nzima hakumpumzishi mgonjwa.

Haya yote yanahusu uzi mmoja. Nyuzi zote mbili zikipooza, mara nyingi sauti hubaki nzuri lakini njia ya hewa huwa imezibwa, na mgonjwa huvuta pumzi kwa mlio mkali. Hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, na anaweza kuhitaji kutobolewa shingo ili apumue.

Kuhusu upatikanaji, kamera ya koo si tatizo kubwa kwa anayefika hospitali ya rufaa. Vijazo vya sindano ndivyo vinavyoagizwa kutoka nje, vina bei, na si wakati wote vipo; familia iulize mapema kipi kinapatikana, bima inabeba sehemu gani, na kama mafuta ya mgonjwa mwenyewe yanaweza kutumika badala yake. Mzee asiye na bima aulizie utaratibu wa msamaha kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuahirisha matibabu, akiwa na kitambulisho kinachoonyesha umri wake. Baada ya sindano, kamera hurudiwa takriban mwezi wa tatu, na ikiwa uzi umeanza kusogea wenyewe, sindano ya pili haihitajiki.